Waymo, Uber, Tesla ya kujiendesha au gari yako: tulioko Phoenix tuchague ipi?

Kila mgeni anayeingia Phoenix hapa Arizona, awe katokea Nyarugusu, Dar, au kahamia tu kutoka Minnesota anakimbia baridi, swali lake la wiki ya kwanza ni usafiri. Ninunue gari kwanza au niungeunge na Uber, na hizi gari nyeupe za Waymo zinazopita zenyewe hakuna mtu kwenye usukani vipi jamani, watu wanapanda kweli? Majibu kwenye magrupu ya WhatsApp ndo vurugu tupu, mmoja anasema hapandi hata alipwe, mwingine anazipanda kila Ijumaa, wa tatu anakwambia nunua Tesla ujilalie inakufikisha mpaka mlangoni (huyu wa tatu msimsikilize, nitamfikia). Naandika kwa urefu ili nikiulizwa tena niweke linki tu nikalale.

Tuelewane kitu kimoja kwanza maana watu wanachanganya sana. Waymo na Tesla siyo kitu kimoja. Wataalamu wa magari wana ngazi kuanzia 0 mpaka 5, sifuri ni gari ya kawaida kabisa, tano ni gari inayojiendesha popote pale duniani na hiyo bado haipo. Waymo iko ya 4, yani ndani ya eneo lake inajiendesha yenyewe na we ni abiria tu, ukitaka sinzia. Tesla ya mtu binafsi hata akilipia ile huduma ya kujiendesha iko ya 2, yani dereva ni wewe, gari inakusaidia tu. Tofauti ya 2 na 4 kwenye karatasi inaonekana ndogo ila mbele ya polisi na bima ni mbingu na ardhi.

Gari yako mwenyewe

Nyumbani gari ni heshima, tusidanganyane. Mtu ananunua IST ya mtumba kutoka Japani, bado ina plastiki kwenye viti, watu wanauliza ni namba D au E, kwenye harusi anaegesha pale mbele kabisa, na shemeji zake wanaanza kumsikiliza akiongea. Hata kama wiki nzima iko uani kwa sababu mafuta yamepanda na yeye anapanda mwendokasi, gari anayo na inajulikana anayo. Sasa mtu huyo huyo akifika Phoenix anadhani ni hivyo hivyo, anakimbilia kukopa gari kubwa ili picha ziende nyumbani. Hapa gari ni viatu tu, kila mtu anazo, na hakuna anayekuheshimu kwa sababu umevaa viatu. Mji umetandazwa, duka liko maili tatu, kazi maili ishirini, na mwezi wa saba joto linapita nyuzi 43, mwaka 2023 ilikuwa hivyo siku 31 mfululizo, kituo cha basi hakina hata kivuli cha maana. Basi zipo, treni ya mjini ipo tangu 2008, ila ukiwa na shifti ya saa kumi alfajiri kwenye ghala huko pembezoni utaijua rangi yake.

Gharama sasa. AAA, chama kikubwa cha wenye magari Marekani, walipiga hesabu ya 2024 wakapata kumiliki gari mpya kunakula dola 12,297 kwa mwaka, ukijumlisha bima, mafuta, riba na thamani inavyoshuka. Ni zaidi ya elfu moja kila mwezi. Kwa mtu anayebeba boksi hiyo ni kodi ya nyumba nyingine. Ukichukua Corolla au Camry ya zamani kwa kesh unashuka sana, na kwa maoni yangu ndo njia pekee ya akili kwa mwaka wa kwanza, ila ujue bima ni lazima kisheria na kama huna historia ya udereva hapa watakubana. Wanaouza kwa mkopo wa "hakuna kuangalia rekodi" wapite mbali na nyumba yako.

Uber na Lyft

Hapa sina mengi, teksi za kuita kwenye simu wote mnazijua. Inakuja, kuna binadamu, na nusu ya wakati binadamu mwenyewe ni Mhabeshi, Msomali, Mkenya au Mkongo, mkianza kuongea unashuka na namba ya simu ya mtu anayejua wapi wanauza unga wa muhogo. Anakusaidia kupakia masanduku. Ukiwa na mtoto na manunuzi anakusubiri dakika mbili ujipange. Ubaya wake ni bei inayoruka mvua ikinyesha au mechi ikiisha, tipu, na bahati nasibu ya dereva, kuna anayeendesha vizuri na kuna ambaye macho yote yako kwenye simu anatafuta abiria wa pili. Akina dada wengi wanaorudi usiku kutoka kazini wananiambia hilo la kukaa na mwanaume usiyemjua ndani ya gari iliyofungwa ndo linawasumbua kuliko yote. Nimeshaona wanavyoshika simu sikioni kujifanya wanaongea na mtu mpaka wafike.

Waymo

Hizi ndo zile Jaguar nyeupe zenye kofia juu. Kampuni ilianza kama mradi wa Google mwaka 2009, na hapa hapa kwetu, Chandler, Tempe na Mesa, ndo walianzia biashara mwisho wa 2018, kisha Oktoba 2020 wakaanza kubeba watu wa kawaida bila dereva kabisa. Yani San Francisco wanavyojidai nazo sisi tulishazizoea. Sasa hivi ziko Los Angeles, Austin na Atlanta pia (Austin na Atlanta unaziita kupitia Uber), na kwetu zinaingia mpaka eapoti ya Sky Harbor.

Inavyokuwa ni hivi. Unaita kwenye apu, inakuja, pale kwenye kofia zinawaka herufi za jina lako usije ukapanda ya mwenzio, unafungua kwa simu na vishikio vya mlango vinachomoza vyenyewe. Ndani hamna mtu, kuna skrini na muziki wa taratibu. Unafunga mkanda, unabonyeza kuanza safari, usukani unaanza kuzunguka peke yake.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga nilimpandisha bila kumwambia. Sauti ya kike ikatusalimia kwa kutaja jina langu, mama akaitikia "marahaba mwanangu", akatulia, akachungulia mbele, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dereva kaenda wapi?" Nikamwambia hakuna dereva mama. Alinishika mkono mpaka kucha zikaingia, nikamsikia anasoma Ayatul Kursii yote. Kwenye kona moja kijana wa baiskeli akakatiza ghafla, gari ikasimama taratibu tu, ikamwacha apite, ikaendelea, mama akasema "eh, ina adabu." Na hapo ndo ulimi ukafunguka. Tulipofika karibu na Tempe alishaanza kulalamika mbona inajikokota hivi, mbona inampisha kila mtu, wa daladala wa kwetu angeshafika akarudi.

Nimewaona wengi wa hivyo. Hofu inakaa dakika tano za mwanzo, baada ya hapo inageuka kuchoshwa. Ndo maana zile takwimu za kuogopa mi nazichukulia kwa tahadhari. AAA mwaka 2025 waliuliza madereva wa Marekani, 13 tu kati ya 100 walisema wanaiamini gari inayojiendesha, na mwaka kabla yake walikuwa 9. Kama 6 kati ya 10 walisema wanaogopa kabisa. Ila huko wameulizwa Wamarekani wote, na wengi wao hawajawahi kuiona hata moja ikipita. Mtu wa Chandler ambaye amekaa nazo miaka na mtu wa kijijini Nebraska hawaogopi kitu kimoja.

Bei iko juu. Mwaka 2025 waliolinganisha San Francisco walikuta safari ya Waymo wastani ni kama dola 20 na kidogo, Uber 15 na nusu, Lyft 14 na nusu. Huko ni kwao, hapa bei ni nyingine, ila mpangilio ni huo huo. Ukihesabu na tipu ya dereva wa Uber, maana Waymo hakuna wa kumpa, pengo linapungua, halijafutika.

Na kuna mambo hawakwambii. Hakuna wa kukubebea sanduku. Kiti cha mtoto unakuja nacho mwenyewe, unakifunga mwenyewe, huku jua linakuchoma. Ukiacha mlango haujafunga vizuri inakaa hapo hapo kama imesusa. Haikushushi mlangoni kabisa kila mara, wakati mwingine inachagua sehemu ya kusimama mita kadhaa mbele, kwa bibi mwenye magoti siyo mchezo. Ndani kuna kamera. Na siyo mji mzima, kama unakaa Glendale au huko magharibi ambako wenzetu wengi wa Kongo na Burundi wamepangiwa nyumba, fungua ramani kwenye apu kabla hujafurahi. Kwa upande mwingine, tangu Julai 2025 hapa Phoenix watoto wa miaka 14 mpaka 17 wanaweza kuwa na akaunti zao chini ya mzazi, na kwa mama anayefanya shifti mbili ambaye mtoto ana mazoezi ya mpira saa kumi na moja, hilo peke yake limeshamaliza mjadala.

Haya, usalama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pananoga kubishana.

Wanaozipinga wana hoja na wasidharauliwe. Machi 2018 pale Tempe gari ya majaribio ya Uber ilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara usiku anasukuma baiskeli, na mtu aliyewekwa ndani kuisimamia alikuwa anaangalia video kwenye simu. Oktoba 2023 San Francisco, gari ya Cruise, teksi za kujiendesha za kampuni ya magari GM, ilimburuta mwanamke mita kama sita baada ya kurushwa mbele yake na gari nyingine iliyoendeshwa na mtu, California wakawanyang'anya kibali, na Desemba 2024 GM wakaacha kabisa kuimwagia hela biashara hiyo ya teksi. Waymo yenyewe, Oktoba 2025 iliua paka wa dukani mtaa wa Mission aliyeitwa KitKat, msidhani natania, watu waliweka maua na mishumaa. Mwaka huo huo serikali ikawachunguza kwa kupita basi la shule lililosimama linashusha watoto, ikabidi warekebishe programu. Desemba umeme ukakatika San Francisco, taa za barabarani zikazima, Waymo zikaganda kwenye makutano hazijui zifanye nini. Sie tuliokulia kwenye mgao wa umeme tulicheka sana, taa ikizima Kariakoo watu wanapitishana kwa macho na mkono.

Upande wa pili sasa. Barabara za Marekani zinaua watu kama 40,000 kila mwaka, na dunia nzima WHO wanasema ni kama milioni 1.19. Hao wameuliwa na sisi, binadamu wenye leseni. Waymo walitoa hesabu zao za maili milioni 56.7 bila dereva, wakalinganisha na madereva wa kawaida kwenye miji ile ile, wakasema ajali za kuumiza watembea kwa miguu zimepungua kwa asilimia 92 na zile za kwenye makutano asilimia 96. Ni hesabu za mwenye duka, sawa, lakini data zimewekwa wazi na hata ukizikata nusu bado wanakushinda wewe na mimi.

Ninavyoona, gari hizi zinafanya makosa ambayo mtu mwenye akili zake hafanyi, hilo la basi la shule kila mtoto analijua. Ila zile dhambi zetu hazinazo, hailewi, haisinzii baada ya shifti ya saa 12, haimtumii mpenzi wake meseji kwenye taa nyekundu. Mtu akimgonga mtu tunasema bahati mbaya, ajali kazini. Mashine ikigonga paka tunafanya maombolezo. Sisemi ni haki au siyo haki, nasema ndivyo tulivyo, na kampuni ambayo haielewi hilo itafungwa kama Cruise.

Na siyo hofu peke yake, kuna hasira. Chandler miaka ile ya mwanzo watu walikuwa wanazitoboa matairi na kuzirushia mawe. San Francisco 2023 wanaharakati waligundua ukiiwekea koni ya barabarani juu ya boneti inasimama haendi mtu. Februari 2024 wakaichoma moto moja Chinatown, Juni 2025 zikachomwa kadhaa Los Angeles kwenye maandamano. Ukimuuliza dereva wa Uber wa kutoka Goma anayelisha ukoo mzima kwa ile gari yake, hatakwambia anaogopa ajali, atakwambia hii kitu imekuja kula chakula cha wanangu. Boston vyama vya wafanyakazi wamesimama kidete zisiingie bila mtu ndani. Ndugu zetu wengi wako upande huo na mi siwezi kuwalaumu, ingawa Ijumaa usiku naipanda.

Tesla, sasa huyu wa kulala

Hapa ndo pesa za watu wetu zinapotea. Ile huduma ya kujiendesha unalipia dola 99 kwa mwezi, na ni kweli inashangaza, inakutoa nyumbani mpaka kazini, inakata kona, inasimama kwenye taa. Lakini tangu 2024 wenyewe wameongeza kwenye jina lake neno la kusema lazima isimamiwe. Kamera ndani inakuangalia macho. Ukigonga, aliyegonga ni wewe. Agosti 2025 mahakama Miami iliamua kesi ya ajali ya 2019 huko Florida, dereva alikuwa ameiachia Autopilot, huduma nyingine ya Tesla ya kumsaidia dereva, akainama kuokota simu iliyoanguka, gari ikaua msichana. Baraza la mahakama likasema Tesla ina lawama theluthi moja, na fidia waliyotakiwa kulipa ilikuwa kama dola milioni 243. Watu wakashangilia Tesla kabanwa. Wachache walisoma mstari wa pili, kwamba theluthi mbili zilizobaki walimbebesha dereva. Hata teksi zao za Austin zilipoanza Juni 2025 zilikuwa na mfanyakazi wao kakaa kiti cha abiria mbele.

Kwa hiyo unalipa mkopo wa gari, bima ya gari na hiyo 99, halafu lawama nyingi ni zako na kulala huruhusiwi. Kama unaipenda Tesla kwa umeme wake na huendi petroli, nunua, ni gari nzuri. Ila kuinunua ili upumzike barabarani ni kununua kitu ambacho hakiuzwi.

Ningechagua vipi

Mgeni, una kazi ya shifti nje ya mji, una familia: Corolla ya zamani kwa kesh, leseni, bima, kwisha. Usibishane na jografia.

Upo peke yako Tempe au katikati ya Phoenix, kazi iko karibu, bado unasomea leseni: treni na basi kwa siku za kawaida, Waymo usiku na siku za joto kali, Uber ukiwa na mizigo. Piga hesabu mwezi mmoja, ukiona imepita mia nne au mia tano ndo uanze kutafuta gari. Dada unayetoka kazini usiku wa manane, mi nakwambia Waymo bila kumung'unya maneno, tofauti ya dola nne tano ni bei ya kufika umetulia. Mzee mwenye macho yaliyochoka ambaye watoto wanamwambia aache kuendesha na yeye hataki kuwa mzigo, mfundisheni apu, mtaona anavyopata uhuru wake, ila mmoja aende naye mara za kwanza. Mkienda na wazazi kutoka nyumbani, wakae nyuma, pale mbele wanaangalia usukani tu.

Walioko Ghuba wanauliza na wao. Abu Dhabi Uber na kampuni ya Kichina WeRide walianza Desemba 2024, Dubai wana mpango wa robo ya safari zote ziwe za kujiendesha ifikapo 2030, kwa hiyo zinawafuata huko huko. Bongo na Kenya tuache kwanza, gari inayosubiri bodaboda wote wapite itazeekea Ubungo.

Swali la mwisho ambalo nalipata faragha zaidi ni la leseni ya lori, maana vijana wetu wengi wanaliona ndo daraja la kutoka kwenye maghala. Aurora, kampuni ya malori ya kujiendesha, walianza kupeleka malori yenyewe kati ya Dallas na Houston huko Texas mwaka 2025, barabara iliyonyooka, hali ya hewa nzuri, kituo mpaka kituo. Kazi ya kuingia mjini kwenye vichochoro, kurudi rivasi kwenye geti bovu saa nane usiku na kubishana na mtu wa ghala bado inataka binadamu. Kwa hiyo kasome leseni, ila tafuta njia za mjini na mizigo yenye maneno mengi, na usisaini mkopo wa lori lako mwenyewe wa miaka saba kwa ajili ya kukimbia Texas moja kwa moja.